Tusinunue hedifoni kwa mdundo tu



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua nitoe maoni yangu kuhusu hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni, ambazo siku hizi zinauzwa madukani, kwenye stendi za mabasi na hata katika minada ya vijijini. Wananchi wengi huzinunua kwa kuangalia mambo mawili tu: bei na mdundo wa besi. Mimi naona vipimo vyote viwili havifai, na hicho cha pili kinaweza kutuharibia masikio.

Nianze na bei. Wapo wanaosema kwamba rahisi ni ghali, kwa hiyo mwenye fedha kidogo asitegemee sauti nzuri. Msemo huo una ukweli kwa upande wa waya na plagi, kwani hedifoni nyingi za bei ya chini hukatika mapema. Lakini sauti ni jambo jingine. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alitoa matokeo ya kupima hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei ya hedifoni na jinsi inavyotoa sauti nene na nyembamba. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo anaweza kupata kitu kizuri, mradi ajue kuchagua.

Walimu wenzangu na mimi hutumia hedifoni kusikiliza masomo kwenye simu. Kwa sababu hiyo nililinganisha aina nne, za kuanzia shilingi 3,000 hadi 20,000. Nilitumia simu moja na rekodi moja ya mtu anayesoma habari. Nilihakikisha pia kwamba zote zinasikika kwa kiwango kimoja, kwa maana sikio hudanganyika: hedifoni yenye kelele zaidi huonekana kuwa bora zaidi, hata kama sivyo. Ile ya shilingi 3,000 ilikuwa na sauti ya bati. Ile ya shilingi 20,000 ilikuwa na mdundo mkubwa, lakini maneno yalizama ndani yake, na "thamani" ilisikika kama "samani". Iliyozishinda zote ilikuwa ya shilingi 7,000, maana kila neno lilisikika waziwazi, tena kwa sauti ya chini.

Sababu yake si ngumu. Herufi kama s, f, sh na th hubebwa na sauti nyembamba, na besi ikizidi huzifunika. Msikilizaji asipopata maneno vizuri huongeza sauti, na hapo ndipo hatari inapoanza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu. Mwaka 2022 Shirika hilo lilionya kwamba watu zaidi ya bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki na starehe nyingine za sauti kubwa. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikishakufa kwa kelele hazioti tena.

Najua vijana watasema muziki bila besi si muziki. Ni kweli, lakini mara nyingi besi inayokosekana imevuja tu, kwa sababu kipira hakikuziba tundu la sikio. Pakiti nyingi zina vipira vya ukubwa wa aina tatu, na wengi wetu hutupa viwili bila kuvijaribu. Ibonyeze hedifoni kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, badilisha kipira kabla hujaongeza sauti.

Vilevile tusibabaishwe na maandishi ya kwenye boksi. "Hezi 20 hadi 20,000" ni mipaka ya usikivu wa binadamu, na huandikwa kwenye hedifoni nzuri na mbaya pia.

Nawaomba wenye maduka waturuhusu kujaribu hedifoni kabla ya kulipa, na waweke vipira safi kwa kazi hiyo ili tusiambukizane maradhi ya masikio. Nasi wanunuzi twende na rekodi ya mtu anayezungumza, tusikilize kwa sauti ya chini. Hedifoni isiyoweza kutamka neno vizuri kwa sauti ya chini tuiache hapo hapo dukani, hata kama mdundo wake unatikisa kichwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi.