Karmeli Haimfichi Mtu

Wanafunzi wengi wa sekondari waijua taswira ya Amosi ya mtu aliyemkimbia simba akakutana na dubu, kisha akafika nyumbani, akaegemea ukuta, akaumwa na nyoka. Baadhi yao huifananisha na msemo wetu wa kuruka majivu na kukanyaga moto. La hasha! Msemo huo wahusu bahati mbaya, ilhali nyoka wa Amosi yumo nyumbani mwa mkimbizi mwenyewe.

Tuitazame sarufi ya sura ya tisa. Kauli ya masharti, ile tunayoibebesha kiambishi -japo-, yajirudia mara tano: kuzimu, mbinguni, kilele cha Karmeli, vilindi vya bahari, hata utumwani kwa adui. Kila mahali pa kujificha pametajwa, pakafungwa.

Wanaofungiwa ni akina nani? Ni wale waliopunguza vipimo, wakachakachua mizani na kumuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu, enzi ya Yeroboamu wa Pili. Samaria ilianguka mikononi mwa Ashuru mwaka wa 722 K.K.

Mwalimu anayekaririsha orodha ya adhabu asitaje mizani huzaa hofu tupu, na hofu tupu hutafuta pa kukimbilia. Mnamo 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, Kilifi. Miongoni mwao watoto, ambao wazazi wao waliamini kwamba mwisho wa dunia u karibu. Mwalimu mwenzangu, katika mtihani ujao uliza habari za mizani kabla ya dubu.