Uvimbe wa ubongo: Jeni zafichua alama za miale ya utotoni

MATIBABU yaliyotolewa kwa nia njema zaidi ya miaka 60 iliyopita yangali yanawaandama waliotibiwa wakiwa watoto.

Katika miaka ya mwanzo ya taifa la Israel, maelfu ya watoto, wengi wao wa familia zilizohamia kutoka kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, walipigwa eksirei kichwani kutibu mapunye. Miale ilidondosha nywele zilizoambukizwa. Mbinu hiyo ilikubalika katika nchi nyingi, kwani dawa madhubuti ya kumeza haikuwa imepatikana.

Mnamo 1988, utafiti uliofuatilia watu 10,834 waliotibiwa hivyo ulibaini kuwa hatari yao ya kupata meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ilikuwa takriban mara 10 ikilinganishwa na ya wasiopigwa miale.

Takwimu zilithibitisha madhara, lakini hazikueleza kilichotokea ndani ya seli. Jibu lilianza kujitokeza 2017, wakati wanasayansi walipochapisha uchunguzi wa meninjioma 31 za watu waliowahi kutibiwa kwa miale kichwani utotoni.

Katika meninjioma za kawaida, mara nyingi hupatikana kasoro ndogo katika jeni kama AKT1, KLF4, TRAF7 na SMO. Hizo hazikuonekana. Badala yake, katika uvimbe 12, jeni ya NF2, ambayo kazi yake ni kuzuia seli kukua kiholela, ilikuwa imekatika na kuunganishwa upya visivyo. Ni kama kitabu ambacho hakikukosewa herufi, bali kurasa zake zilichanwa na kushonwa ovyo.

Hata hivyo, uvimbe 19 haukuwa na alama hiyo. Kwa hivyo, mgonjwa asiyekuwa nayo hawezi kuambiwa kwamba miale haikumdhuru. Israel, ambayo ilipitisha sheria ya fidia kwa waathiriwa 1994, haikusubiri ushahidi wa jeni.

Haya hayamaanishi kwamba wazazi wakatae tiba ya miale kwa mtoto mwenye saratani, kwani huokoa maisha. Mapunye hayaui, saratani huua. Linalohitajika ni kupima faida dhidi ya hatari, na kuhifadhi rekodi za kila kipimo cha miale. Uvimbe unapozuka miongo kadhaa baadaye, huenda rekodi hizo zikawa ushahidi thabiti zaidi alio nao mgonjwa.