Kabla ya Kununua Dawa ya Upara

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalificha chini ya kilemba. Nywele za utosini zinapungua, paji la uso linazidi kupanda, nasi twanyamaza. Mume naye akianza kuota upara hutania mbele za watu, lakini nyumbani anaulizia dawa.

Hapa Tabora, njia ya kale ya misafara ilileta shanga na nguo za merikani, ikaondoka na pembe za ndovu. Leo treni na mabasi hutuletea chupa na makopo ya kuotesha nywele, na muuzaji haulizi nywele zako zimeondokaje. Swali hilo ndilo la kwanza.

Upara wa mwanamume hurithiwa, kutoka upande wa baba au wa mama. Homoni ya kiume husinyaza mizizi ya nywele za mbele na za utosini. Wanawake nao huurithi, ila kwetu nywele hupungua juu ya kichwa bila kuisha kabisa. Mama aliyejifungua huweza kunyonyoka nywele nyingi kuanzia mwezi wa tatu hivi. Asiogope, kwa kawaida hurudi. Upungufu wa damu nao hupunguza nywele. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo kichwani huenda ana mapunye, na hayo yanahitaji vidonge vya hospitali.

Kuna na upara tunaojiletea wenyewe kwa kusuka kwa kukaza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 huko Cape Town, Afrika Kusini, ulikuta karibu mwanamke mmoja katika kila watatu ana upara wa namna hiyo. Msuko unaouma hata usingizi usije, au unaoleta vipele pembeni mwa paji, ufumuliwe siku hiyohiyo. Mwanzoni nywele hurudi. Kovu likishaingia, haziroti tena. Tuwahurumie binti zetu wadogo hasa.

Sasa tuje kwenye dawa. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, kisha ikaonekana inaotesha nywele. Hupakwa kila siku, na matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne au zaidi. Ukiiacha, nywele ulizozipata huondoka. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Vidonge vya finasteridi viliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume. Kwa baadhi yao hupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo mume na mke wapaswa kulijua mapema. Tena mama mjamzito asiviguse vikiwa vimevunjika au kusagwa, kwani vyaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Mume akivitumia, aviweke mbali.

Kupandikiza nywele si uchawi. Dokta Norman Orentreich wa New York alimfanyia hivyo mtu mwenye upara wa kurithi mwaka 1952. Nywele za kisogoni, ambazo homoni ile haiziwezi, hutolewa na kupandwa mbele, kama tunavyohamisha miche ya tumbaku kutoka kitaluni. Nywele haziongezeki, zinahamishwa tu. Na matokeo kamili huchukua karibu mwaka. Aliye na ngozi inayoota makovu manene amwambie daktari kabla ya kukatwa. Wengi husafiri hadi Istanbul kwa kazi hiyo, na gharama yake ni kubwa. Familia ipime kwanza ada za watoto na chakula cha msimu.

Kwa hiyo, mama, anzia Hospitali ya Kitete. Eleza nywele zilianza lini, unasuka namna gani, na nani katika ukoo ana upara. Ikihitajika, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Pale KCMC Moshi kipo chuo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.

Nabii Elisha alidhihakiwa kwa upara wake, wala utumishi wake haukupungua. Mumeo akitaniwa, usiungane na wanaomcheka. Nawe ukipoteza nywele, mwambie. Asije akazigundua siku ya ugonjwa.