Wati 75 au 100? Angalia kwanza mgongoni

Wadau, mtanisamehe kwa ukimya wa wiki mbili. Sikuwa naumwa wala sikusafiri. Nilikuwa nachagua redio.

Najua mtacheka, mtu mzima na kazi yake anakosa usingizi kwa ajili ya redio. Subirini basi niwaeleze. Kaka yangu anaishi Muscat na anakuja likizo mwezi ujao. Alinitumia picha mbili na ujumbe mfupi: "Dogo, begi lina nafasi ya moja tu. Chagua kabla ya Ijumaa." Picha ya kwanza ilikuwa Denon DRA-800H, ya pili Marantz NR1200. Zote zimetumika, zote nyeusi, zote safi.

Kwa asiyezijua, hizi ni risiva za stereo za mtandao. Ndani ya sanduku moja kuna amplifaya, redio na kichezeo cha muziki wa intaneti. Spika unatafuta mwenyewe, mbili tu, kushoto na kulia. Simu yako inakuwa rimoti. Siyo sabufa zile za Kariakoo zinazowaka taa za rangi na kutikisa vikombe kabatini. Hizi ni za mtu anayetaka kukaa chini na kusikiliza.

Shida ni kwamba hizi mbili ni kama mapacha. Zote zilitoka mwaka 2019. Kampuni za Denon na Marantz ziliungana tangu 2002, na mwaka 2025 zikaenda chini ya Harman, inayomilikiwa na Samsung. Kwa hiyo programu ni moja, HEOS. AirPlay 2 zote zinayo, Bluetooth zote, tundu la USB zote, HDMI tano za kuingizia zote. Tofauti inayoonekana haraka ni kwamba Marantz ni nyembamba na ina wati 75 kila upande, Denon imeshiba na ina wati 100, zote kwa spika za omu 8. Ya Denon pia ilikuwa na bei nafuu kidogo.

Siku ya kwanza nilisema moyoni, mia ni mia bwana! Nani anaacha wati 25 mezani?

Halafu nikakaa na kalamu. Sikio letu halihesabu wati kama tunavyohesabu shilingi. Ukiongeza nguvu mara mbili nzima, unapata desibeli 3 tu, yaani unasikia kwamba sauti imepanda kidogo. Ili sikio lidhani sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara 10. Sasa kutoka 75 kwenda 100 ni desibeli 1.25. Ukinifunga macho sebuleni kwangu na kubadilisha hizi mashine mbili, sitaweza kukwambia ipi ni ipi. Na kwa kusikiliza kwa kawaida, jirani akiwa amelala, spika zinakula wati moja au mbili. Hizo nyingine zote zinasubiri harusi ambayo haifanyiki sebuleni kwangu.

Kwa hiyo wati nikaziweka pembeni. Nikaenda kwenye neno "mtandao".

Hapa ndipo vijana wengi tunapoingizwa mkenge. Tukisikia risiva ya mtandao tunafikiria intaneti, na tukifikiria intaneti tunafikiria bando. Hesabu yake ni hii. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula kama megabaiti 144 kwa saa. Sikiliza masaa matatu kila jioni, mwisho wa mwezi ni gigabaiti 13 hivi. Ukitaka ubora wa CD bila kupunguzwa kitu, zidisha mara mbili au tatu. Mshahara wa mwandishi wa habari wa mkoani mnaujua, sina haja ya kuutaja hapa.

Lakini mtandao siyo lazima uwe intaneti. Rauta ya nyumbani ni mtandao tayari, hata kama bando limekata. Nyimbo zikiwa kwenye kompyuta yako, risiva inazivuta kupitia hiyo rauta bila kulipia hata shilingi. Au unazitia kwenye flashi na kuichomeka mbele. Hili nilikuwa silijui, na naona wauzaji hawana haraka ya kutuambia.

Redio je? Hapa mji kasoro bahari tunaishi chini ya Uluguru. Kilele cha Lupanga kinazidi mita 2,100 na kinatutazama mchana kutwa. Mawimbi ya FM yanapenda njia iliyonyooka, mlima ukikaa katikati yananyamaza. Aliyewahi kupanda gari kwenda Mgeta anajua, kona moja redio inaongea, kona ya pili inakoroma. Mjini hapa hatuna shida sana, ila redio bado naihitaji, maana haidai bando wala kompyuta.

Mpaka hapo mapacha walikuwa bado sare. Ikabidi niende Mji Mpya kwa baba mdogo, ambaye ndiye chanzo cha habari hii yote.

Baba mdogo ana boksi la sahani za santuri, zile ndogo za mizunguko 45. Morogoro Jazz zimo, Super Volcano zimo, Cuban Marimba zimo. Wasiojua historia ya mji huu wakae mkao wa kusikiliza. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake walikuwa hapa, mpaka mwenyewe alipofariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alipigia Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Baadaye akaunda Super Volcano, na akafa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mji mdogo huu, chini ya mlima, ulikuwa unachezesha Afrika Mashariki nzima.

Nilimkuta barazani. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mashine ya kaka yako, ina pa kuchomeka sindano?"

Hakuuliza wati wala HEOS. Sindano tu! Na swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko yangu yote. Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo sana, milivolti 5 hivi, wakati kichezeo cha CD kinatoa kama volti 2. Tena wakati sahani inakatwa kiwandani, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mfereji utoshe na mchakacho usitawale. Kwa hiyo amplifaya lazima iwe na tundu maalumu la kukuza na kurekebisha. Ukichomeka santuri kwenye tundu la kawaida, gitaa la Mbaraka litasikika kama mbu.

Mapacha wote wanalo tundu hilo. Sare tena.

Jioni hiyo nikampigia kaka. "Kaka, nenda kwa huyo muuzaji, piga picha migongo." Picha zikaja usiku. Nyuma ya Denon kibandiko kinasema volti 230. Nyuma ya Marantz kinasema volti 120, hezi 60. Ililetwa kutoka Marekani! Ingefika hapa nikaichomeka ukutani, ningebaki na moshi na harufu. Kibadilisha umeme kinauzwa, ndiyo, lakini ni kitu kingine cha kununua na kingine cha kuharibika. Na redio yake je? Redio za Marekani kwa kawaida huruka kwa hatua za 0.2, 87.5, 87.7, 87.9 na kuendelea, kwa hiyo stesheni yenye namba shufwa baada ya nukta hutaipata sawasawa.

Mjadala ukaisha hapo. Nimechukua Denon, na sababu siyo wati 100. Sijasema Marantz ni mbaya. Ingekuwa na volti 230 na bei ya chini, ningeichukua hiyo na kulala vizuri. Maoni yangu ni kwamba mashine mbili zikifanana kiasi hiki, acha kusoma namba za mbele, nenda kasome mgongoni: volti ngapi, tundu gani, na wewe unacho nini cha kuchomeka. Pesa inayobaki weka kwenye spika nzuri na stebilaiza, kwa sababu umeme wa kupanda na kushuka hautofautishi Denon na Marantz.

Ila kuna jambo ambalo mashine zote mbili haziwezi. Haziwezi kurekodi. Nyimbo tatu za kwenye boksi la baba mdogo nilizitafuta mtandaoni usiku kucha, sikuziona. Moja niliiona ikiwa na jina la wimbo mwingine. Sahani mbili zimepinda kwa jua, na moja imeliwa na panya kwenye ganda lake. Tunabishana habari za stereo wakati nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 60 zilirekodiwa mono, na nakala zenyewe zinaishia uvunguni. Risiva ya mtandao itakupigia kila kilicho mtandaoni. Nani aliyetuhakikishia kwamba Morogoro imo?

Kwa hiyo nimemwambia kaka aongeze kitu kidogo mfukoni, kifaa cha USB kinachounganisha mashine ya santuri na kompyuta. Wimbo wa dakika tatu kwa ubora wa CD hauzidi sana megabaiti 30. Boksi zima la baba mdogo litaingia kwenye flashi moja na nafasi itabaki. Nitasafisha sahani, nitarekodi moja moja, nitaandika majina kama yalivyo kwenye karatasi ya katikati, na mzee atanirekebisha pale ilipofutika. Ana miaka zaidi ya 70, na wapiga ala wengine anawajua kwa majina yao ya mtaani. Hilo hakuna programu itakayonipa.

Tumepanga kuanza Jumapili ya kwanza baada ya kaka kufika. Wadau wa Moro mnaokaa na wazee, hebu chungulieni chini ya vitanda vyao wikiendi hii. Mkikuta sahani, msiziweke juani, na zisimameni wima kama vitabu, zisilale. Mashine ya kuzipigia mtaichagua baadaye.