Mnara Usikie kwa Kipimo

Mtandao ukisuasua, lawama huangukia minara: michache, iko mbali, iongezwe. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini ipo kasoro isiyoonekana kwa anayepita barabarani, nayo imo ndani ya kipokezi cha mnara wenyewe.

Simu inapotuma data, huambatanisha biti za ziada za kusahihishia makosa. Zikifika mnarani zimeshavurugwa na kelele. Kipokezi kizuri hakikimbilii kuamua kwamba hii ni 0 na ile ni 1. Kila biti huipa namba: alama ya kujumlisha au kutoa huonyesha inaelekea wapi, ukubwa wake huonyesha uhakika ni kiasi gani. Misimbo ya kusahihishia makosa iitwayo turbo, iliyotangazwa Geneva mwaka 1993 na Claude Berrou na wenzake kisha ikaingia 3G na 4G, inaishi kwa namba hizo. Misimbo ya LDPC ya 5G, aliyoibuni Robert Gallager mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni vivyo hivyo.

Sasa, ili kubana umeme na nafasi kwenye chipu, namba hiyo hupewa biti chache. Tuseme 6: haipandi juu ya 31, haishuki chini ya -32. Mawimbi yakikuzwa kupita kiasi, 40 na 100 zote huandikwa 31, na biti ya uhakika wa wastani ikawa sawa na isiyo na shaka kabisa. Yakifinywa mno, namba nyingi huwa 0, yaani kipokezi hakijui lolote. Kisimbuzi, yaani sehemu inayosahihisha makosa, kinashindwa, simu inaambiwa irudie, betri inaisha.

Hata kurudia kuna mtego wake. Mnara hujumlisha nakala ya kwanza na ya pili. Ikiwa ya kwanza ilifika wakati wa kelele kubwa na kila nakala haikupimwa kwa kelele yake, ile mbovu inapewa kura sawa na ile safi.

Wapo wahandisi watakaotujibu kwamba hesabu ya mkato iitwayo max-log haijali kipimo cha namba hizo. Kweli, kwenye karatasi, ambako namba hazina kikomo. Kwenye chipu zinacho.

Vipimo vya 3GPP, jumuiya inayoweka viwango vya simu, kwa mnara wa 4G huuliza, pamoja na mengine, kama asilimia 70 ya data imepita katika mazingira yaliyopangwa. Vizuri. Ila Kariakoo jioni hakuna aliyepanga kitu. Kelele za simu za seli jirani huingia na kutoka kwa milisekunde. Kampuni za simu, kabla ya kusaini ununuzi, zidai matokeo ya kelele inayopanda na kushuka ghafla. Na kwa minara iliyokwisha simama, ziwaulize watengenezaji kipimo cha namba za uhakika kinawekwaje. Huenda ni suala la programu tu, wala halihitaji kuchimba msingi mpya.