Safari ya Ng'ambo Huanzia Nyumbani

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao wenyeji huuita KIA, ulifunguliwa mwaka 1971 kwenye tambarare zilizo kati ya Moshi na Arusha. Tangu hapo kijana wa Marangu, Machame, Kibosho au Rombo anaweza kula chakula cha mchana kwao na kesho yake kupambazukiwa Ulaya. Wapo wanaokwenda kusoma, wapo wanaokwenda kutafuta kazi Uarabuni, na wapo wanaowafuata ndugu. Kwa wengi wao hiyo ndiyo safari ya kwanza ya ndege. Familia hujitahidi sana katika nauli, nguo za baridi na ibada ya kuaga, lakini maarifa ya safari yenyewe huachwa yajipe. Hilo ni kosa, kwa sababu maarifa hayo ndiyo kinga ya kijana aliye peke yake ugenini, na yanafundishika.

Wachaga, watu wa Mlima Kilimanjaro, hawakuanza leo kwenda mbali. Mwaka 1889 Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, aliwatuma wajumbe wake hadi Berlin. Reli haikuwepo, hivyo ilibidi kwanza waifikie pwani kwa miguu. Wengine wa Afrika Mashariki walifuata. Aprili 1949 Julius Nyerere aliruka kutoka Dar es Salaam kwenda kusoma Uingereza, kisha akapanda treni kutoka London hadi Edinburgh. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya kukodi, katika mpango ulioongozwa na mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Katika kundi la mwaka uliofuata alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Atchison, Kansas. Wanafunzi wa Mboya walisafiri kwa kundi, wakapokelewa na wenyeji waliokuwa wakiwasubiri. Kijana wa leo ana ndege ya kasi zaidi, lakini aghalabu husafiri bila mwenzake hata mmoja.

Maandalizi huanza na hati. Tangu 2018 Tanzania hutoa pasipoti ya kielektroniki, na maombi yake huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji. Kinachowakwamisha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha ubatizo kina lingine, na kwenye cheti cha Kidato cha Nne Lyimo ameandikwa Limo. Mkanganyiko huo hurekebishwa kisheria mapema, kwani ofisa wa ubalozi hulinganisha herufi kwa herufi. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6. Viza nayo humpa mtu ruhusa ya kufika mlangoni tu. Anayeamua aingie au asiingie ni ofisa wa uhamiaji wa nchi husika. Kwa baadhi ya nchi huhitajika pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nayo. Nakala za hati zote zibaki kwa mzazi.

Tiketi nayo inataka kusomwa vizuri. Saa zake ni za mtindo wa saa 24, na kila saa ni ya mahali ndege ilipo. Ndege iliyoandikwa 01:30 ya tarehe 12 huondoka saa saba na nusu usiku, usiku wa kuamkia tarehe 12. Abiria anayetakiwa kufika muda wa saa tatu kabla ya kuondoka anapaswa kuwa KIA saa nne na nusu usiku wa tarehe 11. Anayejiandaa kuondoka tarehe 12 jioni atakuta ndege imeondoka tangu usiku uliopita, na mara nyingi nauli imekwenda nayo.

Mizigo ni jambo la upendo, ndiyo maana huleta taabu. Mama na shangazi hutaka mtoto abebe ladha ya nyumbani. Kahawa iliyokaangwa na kusagwa kwa kawaida haina shida. Nyama, hata iliyokaushwa, na maziwa hunyang'anywa kwenye forodha za Umoja wa Ulaya, na Marekani nayo ina masharti makali juu ya nyama, matunda na mbegu. Asiyeviorodhesha anaweza kutozwa faini. Tangu 2006, baada ya njama ya kulipua ndege kugunduliwa Uingereza, vimiminika katika begi la mkononi vimewekewa kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo, ingawa baadhi ya viwanja vimeanza kulegeza. Juu ya yote, kijana asipokee kifurushi cha mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni wa kanisani au wa ukoo, bila kukifungua na kuona kilichomo. Zikikutwa dawa za kulevya ndani ya begi, anayekamatwa ni mwenye begi, na zipo nchi zinazotoa hukumu ya kifo kwa kosa hilo.

Ndani ya ndege mwili hufanya kazi isiyo ya kawaida. Ndege kubwa huruka kati ya mita 10,000 na 12,000, karibu mara mbili ya kimo cha Kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Hewa ya ndani husukumwa hadi kanieneo yake iwe sawa na ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kimo hicho ni cha lango la Marangu na msitu ulio juu yake, hivyo kijana wa mlimani hana sababu ya kuhofia pumzi. Masikio huziba ndege inapopaa na inapotua. Kumeza mate au kupiga miayo huyazibua. Hewa ni kavu sana, kwa hiyo maji yanywewe mara kwa mara. Kukaa saa nyingi bila kusogea kunaweza kugandisha damu miguuni, na kinga yake ni kusimama, kutembea na kunyoosha vifundo. Mtikisiko angani hutokana na mikondo ya hewa. Mkanda uliofungwa ndio ulinzi dhidi yake.

Kutoka KIA wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Amsterdam. Hapo ndipo wageni wa safari hubabaika. Kabla ya kuondoka, kijana amuulize mhudumu mambo mawili: begi limeandikiwa kufika mji gani, na kadi ya kupandia ndege ya pili ameshapewa au bado. Akishuka atafute kwanza ubao wa kielektroniki unaoonyesha ndege yake na lango lake, kwani namba ya lango hubadilika. Anayeingia Marekani huchukua begi lake kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani anaotua, hata kama ataendelea na ndege nyingine.

Kwa ofisa wa uhamiaji maswali ni yale yale: umekuja kufanya nini, utakaa wapi, kwa muda gani, nani anakulipia. Majibu yawe ya kweli, mafupi, na yafanane na hati. Barua ya chuo, anwani ya mwenyeji na namba yake ya simu viwe kwenye karatasi, kwani betri ya simu huisha. Kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa ajue kwamba huko mara nyingi hutazamiwa kumwangalia msemaji usoni. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Siku za mwanzo zina uchovu wake. Saa za Doha na za Moshi ni zilezile. Amsterdam iko nyuma kwa saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi. New York kwa saa 7 au 8. Tofauti ikiwa kubwa, usingizi hukosa mpangilio kwa siku kadhaa, na mwanga wa mchana ndio unaousaidia mwili kujipanga upya. Upweke huja baadaye, pale shamrashamra za kufika zinapokwisha, na si dalili ya udhaifu. Kijana ajitambulishe kwa ubalozi wa Tanzania na kwa Watanzania walioko karibu.

Wanaokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba wanahitaji uangalizi zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa na waajiri, mishahara kutolipwa, na kazi zisizo na mapumziko. Binti asiondoke bila mkataba aliousoma na kuuelewa, na nakala yake ibaki kwa wazazi. Anayemharakisha asiage nyumbani ana jambo analolificha.

Haya yote yanafundishika kwa saa chache. Shule za sekondari za Kilimanjaro zinaweza kuyaweka kwenye vipindi vya ushauri wa Kidato cha Nne na cha Sita. Parokia na sharika zinaweza kuyaongeza kwenye semina za vijana. Kila Desemba Wachaga hurudi nyumbani kwa wingi, na baadhi yao hutoka ughaibuni. Hao wamepita milango yote iliyotajwa hapa. Wazee wa ukoo wawape jioni moja wakae na vijana, wawaonyeshe tiketi inavyosomwa na wajibu maswali yao bila kuwacheka. Gharama yake ni muda tu, na anayefaidika ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo.