HADITHI YA KUTISHA HAITAKI DAMU NYINGI

Muhula uliopita niliandika hadithi ya kutisha, nikaisoma mbele ya wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Mlikuwa na jini la vichwa saba, fuvu linalonena na makarai matatu ya damu. Nilitaraji watu watetemeke. Kumbe! Walicheka hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani kuuliza kulikoni. Usiku ule niliirarua karatasi yangu, nikaapa kwamba mimi na kalamu basi.

Leo nakiri kuwa waliocheka walikuwa na haki. Kosa letu sisi waandishi chipukizi ni kudhani hofu ni kelele. Tunarundika makaburi na ngurumo za radi, kisha tunaandika "nywele zikanisimama". Lakini msomaji hatishiki eti kwa sababu mhusika ametishika. Hutishika akiona kitu anachokijua vizuri kimeenda kombo.

Nyanya yangu hajasoma kitabu cha fasihi hata kimoja. Akisimulia hushusha sauti, akatuambia habari za mtu aliyebisha hodi usiku kwa sauti ya mama mwenye nyumba, ilhali mama mwenyewe yuko jikoni anapika. Basi! Hasemi aliyebisha ni nani. Sisi wajukuu hakuna aliyethubutu kwenda msalani peke yake. Hodi tunaisikia kila siku, ndiyo maana ilitutisha.

Ama kuhusu kujidharau, sikilizeni kisa hiki. Mwaka wa 1816, karibu na Geneva kule Uswisi, msichana Mwingereza wa miaka 18 aitwaye Mary alikuwa pamoja na washairi Byron na Shelley. Mvua iliwafungia ndani, Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Mary alieleza baadaye kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alijibu hapana. Fikirini aibu hiyo! Mwishowe, usiku mmoja, akamwona akilini kijana aliyepiga magoti kando ya kiwiliwili alichokiunga mwenyewe, nacho kikaanza kujongea. Alitishika mno, akatambua kuwa lililomtisha yeye litawatisha na wengine. Riwaya yake, Frankenstein, ilitoka mwaka wa 1818 bila jina lake, na hadi leo inasomwa. Byron, bingwa aliyetoa wazo, aliacha kipande tu.

Miaka 18 ni umri wa wenzetu wa Kidato cha Nne! Basi mashaka si dalili kwamba huna kipawa.

Wapo watakaosema hadithi hizi ni upuzi usiosaidia mtihani. Sikubaliani nao. Anayeweza kumtisha msomaji kwa hodi moja amekwisha jifunza kuchagua maneno, na insha bora ni hiyo hiyo.

Mimi nimeanza upya. Hadithi yangu mpya haina jini. Ni bweni letu, stima zimepotea, na kitanda ambacho hakijalaliwa tangu muhula uanze kinalia kana kwamba mtu anajigeuza. Nilimsomea rafiki yangu. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Ni kitanda gani hicho?"

Shime wenzangu, mkichekwa msirarue. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.